Kitunguu, hamira au yai la chura: kipi kichaguliwe kuonyesha seli zinavyokua na kugawanyika

Mwanafunzi anayetaka kuona kwa macho yake seli ikigawanyika, au mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake, hukutana mapema na swali ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita haraka: aangalie seli za kiumbe kipi? Kitabuni huchorwa seli moja ya duara yenye kromosomu nne (nyuzi za ndani ya kiini zinazobeba DNA, yaani maelekezo ya urithi), mbili nyekundu na mbili za buluu, ikipita hatua zake kwa utaratibu kama gwaride. Seli ya namna hiyo haipatikani chini ya hadubini yoyote. Kinachopatikana ni seli za viumbe halisi, na kila kiumbe hudhihirisha sehemu moja ya habari na kuificha nyingine, kiasi kwamba aliyechagua vibaya anaweza kukaa saa tatu mbele ya hadubini na kuondoka akiamini kwamba hakuna alichokiona.

Walther Flemming, mwanasayansi wa Kijerumani ambaye mwaka 1882 alichapisha maelezo kamili ya tukio hili na kulipa jina la mitosisi kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, alifaulu kwa sehemu kubwa kwa sababu alichagua vizuri. Alitumia viluwiluwi vya salamanda, ambavyo vina tishu nyembamba zinazopitisha mwanga na kromosomu kubwa kuliko za wanyama wengi. Angeanza na hamira, uzi ule asingeuona kabisa.

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo moja la kuliweka wazi, kwa kuwa ndilo linaloamua uchaguzi wote. Kukua kwa seli na kugawanyika kwa seli ni kazi mbili tofauti. Kukua ni kuongeza vitu: protini, utando, saitoplazimu, wakati mwingine maji tu. Kugawanyika ni kunakili DNA, kuzitenga nakala mbili zilizopatikana, kisha kuikata seli iwe mbili. Katika seli nyingi kazi hizi huandamana, ndiyo maana tumezoea kuzitaja kwa pumzi moja, lakini zinaweza kuachana kabisa. Kwa hiyo anayeuliza achague kielelezo kipi hana budi kwanza kujua ni kazi ipi kati ya hizo mbili anataka kuielewa.

Ncha ya mzizi wa kitunguu

Hiki ndicho kielelezo kilichozoeleka zaidi katika maabara za shule, na umaarufu wake ni wa haki. Kitunguu kina kromosomu 16, na ni kubwa kiasi cha kuonekana vizuri kwa hadubini ya kawaida inayokuza mara 400. Kitunguu saumu nacho kina 16, na baklaa ina 12 zilizo kubwa vilevile, hivyo aliyekosa kimoja anaweza kutumia kingine. Kitunguu huwekwa juu ya mdomo wa bilauri, kitako kikigusa maji, na baada ya siku mbili hadi nne mizizi huwa imefikia urefu wa kutosha. Vitunguu vingine hutiwa dawa ya kuzuia kuota, kwa hiyo ni busara kuanza na vitatu au vinne kwa pamoja.

Kazi inayofuata ndiyo inayowashinda wengi. Ncha za mizizi hutumbukizwa katika mchanganyiko wa sehemu tatu za ethanoli na sehemu moja ya asidi ya asetiki, ambao huziua seli ghafla na kuziacha katika hatua zilizokuwa nazo wakati huo. Kisha hutiwa katika asidi ya haidrokloriki yenye nguvu ya moli 1 kwa lita, yenye joto la nyuzi 60 za selsiasi, kwa dakika tano hivi, ili gundi ya pektini inayozishikamanisha seli ilegee. Baada ya hapo huoshwa na kutiwa rangi. Asidi hizi zahitaji miwani ya kujikinga na uangalizi wa mtu mzima. Zahitaji pia saa ya kuhesabia dakika: siku moja niliendelea kujibu maswali ya darasa huku mizizi yangu ikiwa katika asidi ya moto, na nilipoirudia ilikuwa rojorojo isiyoshikika hata kwa koleo.

Kipande cha kutumia ni milimita moja au mbili za mwisho, wala si zaidi. Kikishawekwa juu ya kioo na kufunikwa, hukandamizwa kwa kidole gumba kupitia karatasi ya kufyonza, kidole kikishuka wima bila kuzunguka hata kidogo, kwa kuwa mzunguko mdogo tu huviviringisha viini vyote kama makombo. Mtu akikandamiza vizuri, seli hutawanyika kwa tabaka moja. Hapo ndipo jicho, likishazoea, litapita juu ya viini vingi vya duara vilivyotulia na kusimama ghafla kwenye seli moja ambayo ndani yake mna vifurushi viwili vya nyuzi, vikiwa vimepeana migongo, mikono ya kila kromosomu ikiburuta nyuma kana kwamba inavutwa kwa kamba. Hiyo ni anafasi. Nimeiona mara nyingi, na hadi leo kila ninapoikuta huacha nilichokuwa nikikifanya nikaitazama.

Ubora wa pili wa mzizi ni kwamba unakuruhusu kuhesabu. Seli za eneo hilo hazigawanyiki kwa wakati mmoja; kila moja iko katika hatua yake, hivyo idadi ya seli zilizo katika hatua fulani hueleza hatua hiyo huchukua muda gani. Tuseme mwanafunzi amehesabu seli 400 akakuta 360 zikiwa katika interfasi (kipindi kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine), 24 katika profasi (nyuzi zinapoanza kuonekana), 6 katika metafasi (zinapojipanga katikati), 4 katika anafasi na 6 katika telofasi (viini viwili vipya vinapoundwa). Ikiwa mzunguko mzima wa seli hizo ni saa 20, yaani dakika 1,200, basi metafasi inachukua takriban dakika 18 na anafasi takriban dakika 12. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu si kila seli ya eneo lile inaendelea kugawanyika, lakini inatoa funzo ambalo mchoro wa kitabu hauwezi kulitoa: hatua zinazojaza ukurasa mzima ni sehemu ndogo sana ya maisha ya seli. Sehemu kubwa ni interfasi, na interfasi si mapumziko, kwani ndimo DNA inamonakiliwa na ndimo seli inamoongeza vitu vyake.

Mzizi pia unaonyesha kukua na kugawanyika vikiwa mahali tofauti, jambo ambalo wengi hawalitumii kwa sababu wanakata ncha peke yake na kutupa kilichobaki. Karibu na ncha seli ni ndogo, za mraba, zimejaa saitoplazimu, na humo ndimo zinamogawanyika. Ukipanda juu kidogo, seli zinaacha kugawanyika na kuanza kurefuka mara kadhaa, hasa kwa kufyonza maji ndani ya kilengelenge kikubwa kinachousukuma ukuta wa seli. Mzizi unavyochimba udongo, nguvu yake inatoka kwenye eneo hili la kurefuka. Anayetaka kuona tofauti hiyo atengeneze slaidi mbili, moja ya milimita ya mwisho na nyingine ya milimita ya tano au ya sita, kisha aziweke pamoja.

Kasoro kuu ya kitunguu ni kwamba kila unachokiona kimekufa. Mwendo wa tukio unaupata kwa kuunganisha picha zilizosimama, na mwanafunzi mchanga mara nyingi haamini kwamba seli hii na ile ni hatua za safari moja. Isitoshe, ni seli ya mmea: haina sentrioli, vile vijiti vidogo vilivyomo katika seli za wanyama, na hukatika kwa kujenga ukuta mpya kuanzia katikati kwenda pembeni, ilhali seli ya mnyama hubanwa kutoka nje kuingia ndani. Atakayejifunza kwa kitunguu peke yake atafikiri kwamba seli zote hujengewa ukuta.

Hamira

Hamira ni kinyume cha kitunguu karibu katika kila jambo. Kromosomu zake huzioni kamwe kwa hadubini ya shule: seli nzima ina upana wa takriban mikromita 5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na utando wa kiini chake hauvunjiki wakati wa mitosisi, hivyo kila kitu kinafanyika ndani ya chumba kilichofungwa. Lakini seli iko hai mbele yako, inakua unaiangalia, na haihitaji asidi wala rangi.

Chembe chache za hamira huchanganywa na maji vuguvugu yenye sukari na chakula kingine, kisha tone moja huwekwa juu ya kioo. Nasisitiza hicho chakula kingine. Watu wengi hutumia maji ya sukari tu, wakaona mapovu ya hewa wakafikiri hamira inazaana, kumbe inachachusha tu. Sukari hutoa nishati, lakini protini mpya haijengwi bila nitrojeni, na seli isiyojenga protini haikui kiasi cha kugawanyika. Kosa hili ni la kawaida, na linafundisha likielezwa vizuri, kwa sababu linatenganisha kuwa hai na kukua.

Katika chakula kizuri na joto la nyuzi 30, kizazi kimoja cha hamira huchukua takriban dakika 90. Hamira haigawanyiki katikati. Huchipuza: kinundu kidogo hutokea ubavuni, kikakua, kikapokea kiini chake, kisha kikatengana na mama. Kwa hiyo ukubwa wa chipukizi ni saa ya kusomea hatua. Seli isiyo na chipukizi bado haijaanza; yenye chipukizi dogo iko karibu na mwanzo wa kunakili DNA; yenye chipukizi kubwa inakaribia kugawanya kiini au imeshagawanya. Leland Hartwell, Mmarekani, alitumia kipimo hiki rahisi kuzitambua hamira zilizokwama katika hatua moja ya mzunguko kwa sababu ya kasoro katika jeni fulani, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya apewe Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001 pamoja na Waingereza Paul Nurse na Tim Hunt.

Kuna jambo jingine ambalo hamira hulionyesha bila kuhitaji maelezo mengi. Binti anayetengana na mama huwa mdogo kuliko mama. Mama anaweza kuchipuza tena mapema, lakini binti hana budi kukua kwanza hadi afikie kimo fulani ndipo aanze mzunguko wake. Ukiangalia kwa saa mbili jozi iliyotoka kutengana, utamwona mama akitoa kinundu kipya huku binti bado hajaanza. Hapa kukua ni sharti la kugawanyika, na sharti hilo linaonekana waziwazi.

Wenye uwezo wa kuagiza kutoka kwenye hifadhi za maabara watazame pia aina ya pili ya hamira, *Schizosaccharomyces pombe*, iliyotengwa mwaka 1893 kutoka katika pombe ya mtama ya Afrika Mashariki, ndiyo maana jina lake la pili ni neno letu wenyewe. Hii ni kama kijiti. Unene wake haubadiliki. Hurefuka tu kutoka takriban mikromita 7 hadi 14, kisha hukatika katikati. Pima urefu wake na umejua umri wake. Ni kwa hamira hii Paul Nurse, akiwa Edinburgh katika miaka ya 1970, aligundua seli zilizokuwa zikigawanyika kabla ya wakati, zikiwa na takriban nusu ya urefu wa kawaida, na akafuatilia jeni iliyoharibika. Jeni hiyo, wee1, kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike mapema. Jeni nyingine, cdc25, ikiharibika matokeo ni kinyume: seli inaendelea kurefuka na kurefuka bila kukatika. Sidhani kuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba kazi hizi mbili zina usukani tofauti.

Wanaosita kwa sababu hamira iko mbali mno na binadamu wakumbuke kwamba mwaka 1987 Melanie Lee na Paul Nurse walichukua jeni ya binadamu wakaitia katika hamira yenye kasoro katika jeni inayolingana nayo, iitwayo cdc2, na hamira ile ikaweza kugawanyika tena.

Yai la chura

Kielelezo cha tatu kinafaa kwa mtu asiye na hadubini kabisa. Yai la chura mwenye kucha, *Xenopus laevis*, lina upana wa zaidi kidogo ya milimita 1.2, na mpasuko wake wa kwanza unaonekana kwa lenzi ya mkono. Ni seli ya mnyama, hivyo inaonyesha kile ambacho kitunguu hakiwezi: mfereji unaotokea juu ya yai na kuzama ndani, ukibanwa na mkanda wa protini za aktini na myosini, ambazo ni jamaa za protini zinazokunja misuli. Mpasuko wa pili hukata wa kwanza kwa pembe mraba. Wa tatu hupita mlalo, karibu zaidi na upande mweusi wa yai, kwa kuwa akiba ya lishe iliyojaa upande mweupe hupunguza kasi ya kugawanyika.

Mpasuko wa kwanza huja takriban dakika 90 baada ya yai kurutubishwa, na inayofuata huja kila baada ya nusu saa hivi. Baada ya migawanyiko 12 ya mwanzo panakuwa na seli zaidi ya 4,000, na kijusi kizima kina ukubwa uleule wa yai lililoanza. Hakijaongeza chochote. Yai lilipokuwa ndani ya mama lilijaziwa protini na maelekezo ya kutosha, hivyo seli hizi hunakili DNA na kugawanyika, hunakili na kugawanyika, bila kipindi cha kukua katikati. Ni baada ya hapo tu ndipo mwendo unapopungua na jeni za kijusi chenyewe zinapoanza kufanya kazi kwa wingi. Ukiliweka yai hili kando ya seli za mzizi zinazorefuka, umepata kugawanyika kusiko na kukua upande mmoja, na kukua kusiko na kugawanyika upande wa pili.

Udhaifu wake ni wa upatikanaji. Mayai yanayookotwa majini kwa kawaida yameshapita mipasuko ya mwanzo, na kupata mapya kunahitaji vyura wanaofugwa na mtu anayejua kuwatunza bila kuwaumiza. Kromosomu nazo hazionekani, kwani yai halipitishi mwanga.

Kama swali lako ni urithi

Vielelezo vyote vitatu hapo juu ni vya mgawanyiko unaotoa seli zenye kromosomu sawa na za mama. Anayefundisha kuhusu urithi anahitaji meiosisi, ambayo hupunguza kromosomu kuwa nusu, na hiyo haipatikani kwenye mzizi hata ukikata mizizi mia. Itafutwe kwenye korodani za panzi dume au kwenye chavulio za ua ambalo bado ni tumba; likishachanua umechelewa. Panzi ni bora, kwa maoni yangu, kwa sababu hatua nyingi hupatikana katika mrija mmoja, na ni kwa panzi ambapo Walter Sutton, Mmarekani, katika mwaka 1902, aliona kromosomu zikijipanga jozi kwa jozi na kufikiri kwamba huenda ndizo zinazobeba urithi. Lakini kupasua panzi kunahitaji mkono uliozoea, na sishauri iwe kazi ya kwanza ya mwanafunzi.

Basi uchague nini?

Aliye na nafasi ya kufanya jambo moja tu, na wanafunzi wake hawajawahi kuona kromosomu, achukue mzizi wa kitunguu. Hakuna kinachozidi kuziona nyuzi zile kwa macho, na taabu ya asidi inalipwa. Lakini kama wanafunzi wameshaona slaidi zilizotengenezwa tayari, kurudia kitunguu hakuwaongezei mengi, na hapo hamira inafaa zaidi, hasa kwa darasa linalouliza seli inajuaje kwamba wakati wa kugawanyika umefika. Nikiwa na siku mbili, huviunganisha vyote viwili: hamira siku ya kwanza ili waone uhai na mwendo, kitunguu siku ya pili ili waone kinachojificha ndani. Nimejaribu kwa mpangilio wa kinyume, na wanafunzi wakaiona hamira kama madoa tu baada ya kromosomu za jana.

Yai la chura nalichagua kwa mtu mmoja mmoja mwenye subira, au kwa kikundi kidogo kilichopata mayai mapya kwa njia halali. Bakuli liwe na maji ya joto la kawaida la chumba, taa isiyochoma, na lenzi ielekezwe upande mweusi wa yai kabla dakika ya themanini haijafika. Mfereji huanza kama mkwaruzo mfupi katikati ya weusi ule, na mtu aliyeinua macho kuandika tarehe kwenye daftari anaweza kurudi akaukuta umeshafika ukingoni.